Jinsi ya kuzuru Chios, kisiwa cha mastiha

Ukitaja visiwa vya Ugiriki, wengi huwaza Santorini: nyumba nyeupe, makuba ya buluu, na msongamano wa watu wanaosubiri kupiga picha jua likizama. Chios ni habari nyingine. Kiko upande wa mashariki wa bahari ya Aegean, mkabala na pwani ya Uturuki, na penye wembamba zaidi maji yanayokitenga hayazidi kilomita 7 hivi. Vijiji vyake vya kusini vina rangi ya mawe yaliyovijenga, vichochoro vyake vimefunikwa kwa matao, na nyumba za pembeni zimeungana zikawa ukuta wa ngome. Ngome hizo zilikuwa zikilinda utomvu wa mti mfupi uitwao mastiha, ambao ukikauka hufanana na ubani, kwa sura na hata kidogo kwa harufu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndio wa mwisho: panga safari yako kwa kuufuata utomvu huo. Lala vijijini, mjini pita tu. Siku tano zinatosha, mradi usiku miwili au mitatu kati yake uwe ndani ya Mesta au Pyrgi.

1. Chagua mwezi kwa kalenda ya mkulima

Kazi ya mastiha ina majira yake. Kuanzia Juni mkulima husafisha shina na kufagia ardhi chini ya mti mpaka inakuwa safi, kisha hutandaza unga wa udongo mweupe wenye chokaa. Julai na Agosti ni miezi ya kugema. Kuanzia katikati ya Agosti hadi Oktoba hukusanya. Baridi ikiingia, kazi huhamia ndani ya nyumba, kuchambua na kusafisha.

Mimi ningechagua Septemba. Joto limepungua, bahari bado ina uvuguvugu, watalii wa Kigiriki wamerudi makazini, na mashambani kazi inaendelea. Julai na Agosti kuna upepo wa kaskazini uitwao meltemi, ambao ukichachamaa huzuia hata meli kung'oa nanga. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria; uwanja wa Pyrgi hujaa ngoma na watu, na chumba usipoweka mapema hupati.

Kuna sherehe mbili nyingine za kuzingatia. Jumatatu Safi, siku Waorthodoksi wanapoanza Kwaresima, vijiji kama Mesta na Olympi hufanya mchezo wa Aga: mtu huvaa kama hakimu wa zama za Waturuki, hukaa kitini, na kuwahukumu wanakijiji na wageni kwa makosa ya kubuni. Usishangae ukikamatwa na kutozwa faini, utacheka mwenyewe. Nyingine ni usiku wa Pasaka ya Kiorthodoksi huko Vrontados, ambako waumini wa makanisa mawili, Agios Markos na Panagia Erithiani, hurushiana fataki za kujitengenezea. Zipo nyakati ambapo vita hivyo vimezuiwa au kupunguzwa kwa sababu za usalama, basi usifunge safari kwa ajili yake tu.

2. Viza, na karatasi za kutembea nazo

Ugiriki imo ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza. Uliye Ujerumani, Uholanzi au Ubelgiji na una kibali cha kuishi unaingia kwa kibali hicho pamoja na pasipoti. Uliye Uingereza na bado unatumia pasipoti ya nyumbani, kibali chako cha Uingereza hakikuingizi. Omba viza kama wengine.

Viza ya muda mfupi inakuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Utahitaji bima ya safari inayofikia angalau euro 30,000 kwa matibabu, taarifa za benki, barua ya mwajiri au usajili wa biashara, uthibitisho wa malazi na tiketi ya kurudi. Ubalozi wa Ugiriki uko Nairobi. Ukiwa nje ya Kenya, anza kwa kuuliza ni kituo gani kinapokea maombi ya nchi yako. Kinachochelewesha watu wengi ni kupata miadi, hata kuliko uamuzi wenyewe.

Kama unafikiria kuvuka kwenda Çeşme, upande wa Uturuki, kisha urudi, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Kivuko kinachukua nusu saa hivi na kinashawishi sana, lakini ukishatoka kwa viza ya mara moja, ndiyo imetoka.

Na hili niliseme wazi kwa msomaji mweusi. Chios ni mpaka wa Ulaya. Tangu 2015 watu wengi wamevuka mlango huo wa bahari kwa maboti ya mpira kuomba hifadhi, wakiwemo Wasomali na Wakongo, na bandarini polisi wanaangalia nyaraka. Tembea na pasipoti yenyewe, siyo nakala peke yake, na picha ya viza iwe kwenye simu. Ukiulizwa, onyesha na uendelee na safari yako.

3. Kufika

Ndege za kwenda Athens kutoka Afrika Mashariki hupitia Istanbul, Doha, Dubai au Addis Ababa. Kutoka Athens una njia mbili. Ndege ya ndani huchukua chini ya saa moja na kutua karibu na mji. Meli kutoka bandari ya Piraeus husafiri usiku, muda wa saa 8 hadi 9 hivi, na mara nyingi hufikisha abiria alfajiri kungali giza.

Chukua meli angalau upande mmoja. Ni nafuu, mzigo haupimwi, na ukiamka unakiona kisiwa kikijitokeza polepole. Tiketi ya kukaa sitahani inatosha kwa mwenye ujana. Mwenye mgongo mbaya alipie kitanda. Kabla ya kufika, iandikie nyumba ya wageni kwamba utashuka alfajiri, ili angalau wakupokee mizigo.

4. Kukodi gari, au kuishi kwa ratiba ya basi

Mabasi ya kijani ya KTEL huenda vijiji vya mbali na ya buluu huhudumia maeneo ya karibu na mji. Mesta na Pyrgi vinafikika kwa basi siku za kazi, ila wikiendi safari ni chache, na monasteri ya Nea Moni au kijiji cha Anavatos kwa basi ni kazi ya kutafuta. Ukiwa wawili au watatu, kodini gari dogo.

Leseni ya nyumbani peke yake haitoshi. Chukua leseni ya kimataifa ya udereva kabla hujaondoka. Halafu kumbuka kwamba huku wanaendesha upande wa kulia. Barabarani utazoea mapema. Shida iko kwenye kona za milimani, na pale unapotoka kituo cha mafuta asubuhi mapema, barabara tupu, hakuna gari la kukukumbusha. Abiria wa mbele apewe kazi moja: kusema "kulia" kila mnapoanza mwendo.

Chukua adapta ya plagi zenye meno mawili ya mviringo. Kadi zinakubalika karibu kote, ila weka noti ndogo za euro kwa mikahawa ya vijijini. Hoteli itakutoza tozo ndogo ya serikali ya hali ya hewa juu ya bei ya chumba, siyo utapeli.

5. Nusu siku mjini

Mji wa Chios uliharibiwa vibaya na tetemeko la 1881, hivyo usitegemee uzuri wa barabarani. Ingia ndani ya ngome iliyo kando ya bandari, ambako watu bado wanaishi; utaona bafu la Kituruki, makaburi ya Waislamu na nyumba zilizoegemea kuta. Katika uwanja wa Vounaki upo msikiti wa karne ya 19 ambao sasa ni makumbusho ya Kibizanti. Mpenda vitabu apite Maktaba ya Korais, iliyoanzishwa 1792 na ni miongoni mwa kubwa zaidi Ugiriki. Jioni tembea hadi kwenye vinu vinne vya upepo vilivyosimama majini kaskazini mwa bandari, eneo la viwanda vya zamani vya ngozi. Kisha lala, kesho unaelekea kusini.

6. Kusini: hapa ndipo utumie muda wako

Waliokuwa mabwana wa kisiwa kuanzia 1346 hadi 1566 ni Wagenoa, watu wa Genoa, Italia, na walichokitaka hasa ni mastiha. Mti wenyewe hupatikana sehemu nyingi za Mediterania, lakini utomvu wa kuuzwa hutoka kusini mwa Chios tu. Wagenoa wakawapanga wakulima kwenye vijiji vilivyofungwa: milango michache, kuta za nje bila madirisha, mnara katikati. Maharamia wasiingie, na mastiha isitoke kwa magendo. Aliyekamatwa akiiba alipewa adhabu za mwili.

Anzia kwenye Makumbusho ya Mastiha, nje kidogo ya Pyrgi, yaliyofunguliwa 2016. Hufungwa Jumanne. Usiyapite haraka: ndani kuna zana na maelezo ya kazi, na nje kuna miti yenyewe, mifupi, iliyopinda, matawi yakikaribia kugusa chini. Ukishaitazama utaelewa kwa nini mgemaji hufanya kazi akiwa amepiga magoti. Anashika chuma kidogo chenye ncha na kuchanja gome, michanjo midogo ya milimita chache, mingine kwenye shina, mingine kwenye matawi manene. Tone linatoka likiwa angavu, linaning'inia, linadondoka juu ya ule udongo mweupe. Baada ya wiki mbili hadi tatu limekauka na linaokotwa. Mti mmoja hutoa gramu 150 hadi 200 hivi kwa mwaka, na huanza kutoa ukiwa na miaka mitano au sita. Ukiijua hesabu hiyo huwezi kulalamikia bei dukani.

Baada ya kukusanya, chembe huchekechwa, hupepetwa, huoshwa, halafu huja kazi ya kuchambua moja moja kwa kisu kidogo ili kuondoa udongo ulioganda. Kazi hii kwa desturi hufanywa na wanawake waliokaa pamoja kuzunguka meza, mazungumzo yakiendelea. UNESCO iliuingiza ujuzi huu kwenye urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Wakati wa msimu zipo ziara za asubuhi zinazokupeleka shambani kugema mwenyewe. Uliza kwa mwenye nyumba unakolala. Wakulima walioungana tangu 1938 kwenye chama chao ndio wanaoshikilia biashara yote, na moto mkubwa wa Agosti 2012 uliwaunguzia miti mingi, kwa hiyo mashambani usiwashe hata sigara.

Kisha ingia Pyrgi. Hapa kuta za nyumba zina nakshi nyeusi na nyeupe kutoka chini hadi juu: pembetatu, duara, mistari ya kupishana. Siyo rangi iliyopakwa. Fundi hupiga lipu ya mchanga mweusi, huipaka chokaa juu, na kabla haijakauka huchora kwa kukwaruza, hivyo weusi wa chini hujitokeza. Sogea karibu, hadi pua iguse ukuta, uone kingo za mkwaruzo. Kuna mahali utaona mkono wa fundi ulitikisika. Mwisho wa kiangazi roshani huning'inizwa mashada ya nyanya ndogo zilizotungwa kwa uzi, akiba ya msimu wa baridi. Uani mwa uwanja, ukipita tao dogo lililo rahisi kupitwa, lipo kanisa la zamani la Mitume Watakatifu lenye michoro ya ukutani ya 1665. Watakuonyesha pia nyumba wanayodai ni ya Christopher Columbus. Columbus aliitaja mastiha ya Chios katika maandishi yake, hilo ni kweli. Nyumba, kila mtu na imani yake.

Mesta iko kilomita 35 hivi kutoka mjini, na ndiko pa kulala. Gari linabaki nje. Unaingia kwa miguu, na baada ya kona mbili tatu umeshapoteza mwelekeo, jambo lililokusudiwa: adui naye alitakiwa apotee. Paa za nyumba zina kimo kinacholingana ili, hatari ikija, watu wakimbie juu ya paa hadi kwenye mnara wa katikati. Mnara haupo tena; mahali pake pamejengwa kanisa kubwa la Taxiarchis katika karne ya 19. Litafute pia lile la zamani lenye jina hilohilo, dogo, lenye ukuta wa madhabahu wa mbao iliyochongwa kwa subira ya ajabu.

Wanaokuja kwa mabasi ya utalii huondoka kabla ya jioni. Baada ya hapo kijiji kinarudi kwa wenyewe: viti vinatolewa mlangoni, wazee wanaanza karata. Salimia kila unayempita, "kalispera" kwa jioni na "kalimera" kwa asubuhi. Mama mwenye umri ukimsalimia kwanza, mara nyingi utapata tabasamu na maswali. Saa za mchana, kati ya saa tisa na saa kumi na moja hivi, ni za kupumzika. Usigonge milango wala kupiga kelele kichochoroni. Na mtu akiinua kichwa juu na nyusi zikapanda, amekukatalia.

Kati ya vijiji hivi viwili kuna Olympi, ngome yenye wageni wachache zaidi, na pango lake lenye mawe yaliyochuruzika liko upande wa baharini. Armolia ni kijiji cha wafinyanzi. Ukitaka kuoga baharini, nenda Mavra Volia karibu na Emporios, ufuko wa kokoto nyeusi za volkano. Kuokota kokoto na kuondoka nazo ni marufuku.

7. Nea Moni na Anavatos

Siku hii iache peke yake. Monasteri ya Nea Moni ilijengwa karne ya 11 kwa fedha za mfalme Konstantino IX Monomachos wa dola ya Bizanti, na tangu 1990 imo kwenye Urithi wa Dunia pamoja na monasteri nyingine mbili za Ugiriki, Daphni na Hosios Loukas. Nenda asubuhi, kwa sababu hufungwa mchana. Mabega na magoti yafunikwe. Wanawake huhitajika kuvaa sketi au kujifunga kitambaa. Kanga moja kwenye mkoba inamaliza shughuli.

Ndani, tulia mpaka macho yazoee kiza. Mozaiki zimetengenezwa kwa vipande vidogo vya kioo na mawe, nyuma yake dhahabu, na nyuso zimetiwa vivuli vya kijani na vyekundu vinavyozipa uzito. Tetemeko la 1881 liliangusha kuba, hivyo mozaiki zilizopo chini yake ndizo zilizonusurika.

Karibu na lango kuna kanisa dogo, na humo kabati la kioo lenye mafuvu ya vichwa. Mwaka 1822, wakati wa vita vya uhuru wa Ugiriki, watu kutoka Samos waliingia Chios kuanzisha uasi, na jeshi la Sultani wa Waturuki likaja kulipiza. Makumi ya maelfu waliuawa au kuuzwa utumwani Smyrna na Constantinople, leo Izmir na Istanbul. Mchoraji Mfaransa Delacroix alichora mauaji hayo 1824. Picha yenyewe iko makumbusho ya Louvre, Paris. Vijiji vya mastiha kwa sehemu kubwa viliachwa, kwa kuwa mapato yake yalikuwa ya nyumba ya Sultani. Mafuvu mengine yana nyufa za panga. Usipige picha, na watoto wadogo wabaki nje.

Endelea kwa gari hadi Anavatos, kijiji kitupu cha mawe kilichoning'inia juu ya genge. Simulizi ya hapa ni kwamba 1822 waliobaki walijirusha bondeni kuliko kukamatwa. Panda hadi juu kwa viatu vyenye soli nzuri, na maji mkononi, kwani kivuli ni kidogo. Chakula cha mchana kipo Avgonyma, kijiji jirani kilichokarabatiwa, kinachotazama machweo.

Ukiwa na saa mbili za ziada ukirudi, pitia Kampos kusini mwa mji: mashamba ya machungwa na chenza yaliyofichwa nyuma ya kuta ndefu za mawe mekundu, na magurudumu ya kuchotea maji yaliyokuwa yakizungushwa na wanyama.

8. Kula

Kwa anayekula halali, kanuni ni rahisi: souvlaki na gyros mara nyingi ni nguruwe, basi elekea kwenye samaki, dengu na maharage, bajia za nyanya, mboga za porini zilizochemshwa na jibini ya kukaanga. Lithi, pwani ya magharibi, ni pa samaki. Mkate unaoletwa mezani bila kuagizwa hulipiwa, kiasi kidogo kwa kila mtu. Mesta wana souma, pombe kali ya tini; asiyekunywa aagize "ypovrichio", kijiko cha utamu wa mastiha kilichozamishwa ndani ya glasi ya maji baridi. Unalamba, unakunywa maji, unalamba tena.

9. Kununua

Nunua chembe nzima, zenye uangavu, ndani ya kopo lililofungwa lenye alama ya chama cha wakulima. Jina la mastiha ya Chios linalindwa na sheria ya Ulaya tangu 1997. Unga uepuke, huwezi kujua umechanganywa na nini. Ukiweka chembe mdomoni, kwanza hupasuka na kuwa chungu kidogo. Tafuna taratibu, baada ya dakika moja inashikana, inakuwa nyeupe na laini. Msomaji wa Muscat au Dubai huenda ameshaiona kwenye maduka ya viungo.

Nyumbani, igandishe kwanza kwenye friji, kisha itwange na sukari kidogo. Ukiitwanga peke yake itang'ang'ania kinu. Chembe mbili tatu zinatosha sufuria nzima ya uji wa mchele au unga wa maandazi. Ukizidisha, chakula kinanukia dawa.

10. Kuondoka

Usipange ndege ya kimataifa kutoka Athens siku ileile meli yako inapotia nanga Piraeus. Weka usiku mmoja katikati, hasa kiangazi. Upepo ukizidi, ofisi ya meli ndiyo ya kupigiwa simu, siyo hoteli, na uliza pia kama chombo chako kitaondokea mjini, kwa kuwa wakati mwingine huhamishiwa bandari ya Mesta, upande wa pili wa kisiwa.